Maiki Isiyo na Waya ni Redio, Tuache Kujidanganya

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa. Kazi imenibana, halafu tulikuwa na mazishi nyumbani. Tulimzika nyanya yangu, na kuna kitu kiliharibika siku hiyo ambacho sijaacha kukifikiria. Leo nakitoa moyoni.

Familia ilikodisha mitambo: spika mbili kubwa, miksa, jenereta na maiki nne zisizo na waya. Kijana wa mitambo alifika asubuhi na mapema, akapanga vitu vyake, akajaribu maiki zote. Mimi nilisimama mwisho kabisa wa hema nikamwonyesha kidole gumba. Sauti ilikuwa safi.

Saa nane mchana shangazi yangu akasimama kumzungumzia mama yake. Shangazi si mtu wa maneno mengi. Alianza kueleza jinsi nyanya alivyowasomesha, na kitu alichouza mwaka mmoja ili yeye asifukuzwe shule. Hapo hapo maiki ikakatika. Ikarudi kwa neno moja, ikakatika tena, ikakwaruza. Kijana akamkimbilia na maiki nyingine, nayo ikafanya vile vile. Shangazi akaendelea kama dakika mbili akisikika na mstari wa mbele tu, kisha akasema, "Basi, Mungu amlaze pema," akaketi. Ndugu zetu walioko ng'ambo, waliokuwa wakifuatilia kwa simu, walipata kimya.

Watu walisema maiki ni za bei rahisi. Kijana alisema ni betri. Mimi, kwa tabia ya kazi yangu, nilikwenda kuangalia. Risiva zilikuwa chini ya meza, nyuma ya spika, zimepandanishwa juu ya sanduku la chuma, antena zimelazwa. Asubuhi hema lilikuwa tupu na mawimbi yalipita popote. Saa nane kulikuwa na mamia ya watu, wengi wamesimama kati ya shangazi na ile meza. Mwili wa binadamu una maji mengi, na maji hayo hunyonya mawimbi ya UHF. Shangazi naye alishika maiki kwa chini kabisa, na katika maiki nyingi za mkononi antena iko huko huko chini. Basi alikuwa ameifunika kwa kiganja.

Sisi waandishi wa programu tunaujua ugonjwa huu. Unajaribu programu kwenye tarakilishi yako, peke yako, inakubali, unaipeleka kwa watumiaji elfu moja, inaanguka. Ukiulizwa unajibu, "Lakini kwangu inafanya kazi!" Kijana yule alijaribu mitambo bila watumiaji. Nami nikamwonyesha kidole gumba, kwa hiyo simlaumu peke yake.

Maoni yangu ni haya: neno "haina waya" linatudanganya. Tunadhani tumeondoa kitu, kumbe tumeongeza. Kila maiki ya aina hii ni kituo kidogo cha redio chenye nguvu ya miliwati chache, mara nyingi kati ya 10 na 50, na risiva ni redio inayokisikiliza. Ukinunua nne, umefungua vituo vinne ndani ya hema moja. Makanisa, shule na familia zetu zinanunua au kukodisha vituo hivi bila mtu hata mmoja anayejua kuviendesha, na vikikwama tunanunua vingine.

Mambo yenyewe si magumu. Risiva iwekwe juu, zaidi ya vichwa vya watu waliosimama, mahali ambapo antena zinaweza "kumwona" mzungumzaji. Antena mbili zisimamishwe kama herufi V. Ziko mbili kwa sababu. Kwenye 500 MHz wimbi lina urefu wa sentimita 60 hivi. Mawimbi yanayogonga mabati na kurudi hukutana na yale yaliyokuja moja kwa moja, na mahali pengine yanafutana. Ndiyo maana mzungumzaji akisogea hatua moja sauti inapotea, akisogea nyingine inarudi. Risiva nzuri hutumia ile antena inayosikia vizuri zaidi wakati huo. Ukizilaza zote chini ya meza, umeitupa faida uliyolipia.

Linalofuata ni masafa, na hapa ndipo watu wengi huanguka. Kanisa moja ninalolifahamu lilikuwa na maiki nne, na fundi alizipanga kwa unadhifu: 500.0, 500.4, 500.8 na 501.2 MHz. Mbili za kwanza zilifanya kazi bila shida. Walipowasha ya tatu na ya nne, kukwaruza kukaanza. Wakabadilisha betri, wakabadilisha waya, wakaomba.

Kosa lilikuwa ule unadhifu. Transmita zikiwa karibu karibu, masafa yake huchanganyika na kuzaa masafa mengine ambayo hakuna aliyeyawasha. Yanayosumbua zaidi hupatikana kwa kuzidisha moja kwa mbili na kutoa jingine. Chukua 500.4 mara mbili, toa 500.0, unapata 500.8. Hapo ndipo maiki ya tatu ilipokaa! Chukua 500.8 mara mbili, toa 500.4, unapata 501.2, yaani ya nne.

Niliandika programu ya mistari kama thelathini inayojaribu michanganyiko hiyo yote, lakini hata kalamu inatosha. Kanuni ni moja: tofauti kati ya masafa yoyote mawili isijirudie. Jaribu 500.0, 500.4, 501.2 na 502.6. Tofauti zake ni 0.4, 0.8, 1.2, 1.4, 2.2 na 2.6, hakuna iliyojitokeza mara mbili. Risiva nyingi zinakuja na makundi ya chaneli yaliyokwisha kupigiwa hesabu hiyo. Chagua kundi moja na ubaki humo. Usichukue chaneli moja huku na nyingine kule kwa sababu unapenda namba.

Halafu kuna majirani. Hapa Kenya televisheni ya dijitali inatumia masafa ya kuanzia 470 hadi 694 MHz, yale yale ambayo maiki nyingi hutumia. Juu yake, kwenye 700 na 800 MHz, kuna mitandao ya simu. Nafasi iliyo wazi kijijini huenda imejaa mjini, kwa hiyo skani kila mahali unapofika. Zima transmita zote, acha risiva itafute nafasi, iwekee maiki ya kwanza, iwashe na uiache imewaka, kisha tafuta nafasi ya pili. Ukimaliza, washa zote nne na utembee nazo hadi mwisho wa hema huku mtu akisikiliza.

Na tafadhali, jihadharini na mitumba ya Marekani. Kule maiki za 700 MHz zilipigwa marufuku tarehe 12 Juni 2010, na sehemu kubwa ya 600 MHz ikafuata tarehe 13 Julai 2020, kwa sababu masafa hayo yalipewa mitandao ya simu. Binamu akikuambia amepata maiki za kampuni kubwa kwa bei ya kutupa, muulize kwanza zinatumia masafa gani. Zile za 700 ukizileta hapa utazikutanisha na 4G yetu. Zile ndogo za 2.4 GHz hazina tatizo hilo, lakini zinagombania nafasi na Wi-Fi, na hema la leo lina simu nyingi kuliko viti.

Najua jibu la vijana wa mitambo: waya umepitwa na wakati, unakwaza watu, unaonekana vibaya kwenye video. Ni kweli mhubiri anayetembea hawezi kufungwa na waya, wala bwana harusi. Lakini shangazi hakuwa anatembea. Alisimama mahali pamoja, mita kumi kutoka kwenye miksa, kusema jambo ambalo angelisema mara moja tu. Maiki ya waya isiyohitaji betri wala masafa ingelifikisha. Kwa hiyo ninashikilia kwamba anayesimama mahali pamoja apewe waya, na yule anayetembea apewe redio, lakini awepo mtu mmoja anayeifahamu hiyo redio. Na hata hapo, maiki ya waya iwe imeunganishwa tayari kwenye miksa, ikisubiri.

Majuzi nilimpigia shangazi nikamwomba anisimulie tena ile habari, nimrekodi kwa simu. Akacheka. "Mwanangu, mimi nilishasema siku ile." Sikumsukuma. Mpaka leo sijui nyanya aliuza nini.

Nimenunua maiki moja ya waya na kebo ya mita 20. Zinakaa kwenye begi nyuma ya mlango, na familia ikiwa na shughuli ninazibeba. Kama nawe una shughuli hivi karibuni, mwulize mwenye mitambo risiva zitakaa wapi watu wakisimama. Akisema chini ya meza, ongeeni kwanza kabla hujalipa.