Mpira wa tumboni: si kisukari peke yake
Kuhusu maambukizi kwenye tundu la mpira wa kulishia tumboni, mwandishi wa makala haya kakikamia kisukari, na wachangiaji hapo juu wakamfuata. Njia ya mpira wenyewe je? Katika mbinu waliyoichapisha Gauderer na Ponsky mwaka 1980, mpira huvutwa kupitia mdomoni hadi kwenye ukuta wa tumbo, ukibeba vijidudu vya kinywa. Ndiyo maana mgonjwa hupewa antibiotiki kabla. Huku Buyenzi, Bujumbura, mzee mmoja aliyepooza hakuwa na sukari, ila kidonda cha mpira wake kilitoa usaha: bintiye alikuwa akikaza kisahani cha nje kinachoushikilia mpira kwenye ngozi kila asubuhi, akihofia mpira utachomoka, mpaka ngozi ikabaki na duara jekundu kama la kizibo cha soda. Muuguzi alikilegeza nusu sentimita tu. Na yule mchangiaji anayeshauri kurundika shashi chini ya kisahani: jamani, huko nako ni kukaza.