Tairi la theluji Tunguu?

Hivi theluji ya Unguja inaanguka mtaa gani? Mana jamaa zetu chuoni wakitafutia gari tairi wanakimbilia mitumba ya Japani, na lenye kashata nene ndo wanaligombania. Haya, ligeuze usome ubavuni: STUDLESS, au kimchoro cha mlima wenye theluji. Hilo limetengenezwa kwa baridi ya chini ya nyuzi 7! Mpira wake ni laini makusudi, ushike kwenye barafu. Kwenye lami yetu ya saa nane mchana linalegea, linalika kama sabuni, na gari inachelewa kusimama. Na nyuma mmepakiana wanne mnakwenda Nungwi.

Utanambia, "mbona masika linafaa?" Masika ni maji bwana, si barafu. Maji yanataka mifereji mizuri na mpira usiochakaa kwa uzee. Soma zile tarakimu 4 za tarehe: 2309 ni wiki ya 23 ya mwaka 2009. Kashata nene hapo ni pambo tu.

Muuzaji akisema "hili la misimu yote", muulize ipi, kaskazi au kusi? Mie napanda daladala, ila na huko nachungulia tairi kwanza.