Daktari Akikalia Kiti cha Gavana

Huenda hujawahi kusikia jina Rapsu. Ni kijiji cha wakulima wa kunyunyizia mashamba maji, upande wa Kinna, kaunti ya Isiolo, si mbali na Mbuga ya Meru. Hebu jiulize: mama wa huko akishikwa na uchungu usiku wa manane, ni serikali ipi ya kumjibu? Tangu 2013 ni ya kaunti. Katiba ya 2010 iliipa zahanati, hospitali za kaunti na magari ya wagonjwa.

Ndiyo maana safari ya Dkt Mohamed Kuti yanivutia. Huyu ni daktari wa tiba. Aliingia Bungeni 2002 kwa tiketi ya NARC, akiwakilisha Isiolo Kaskazini. Rapsu iko Isiolo Kusini, kwa hivyo haikuwa na kura ya kumdai. Mwaka 2008 akawa Waziri wa Mifugo (daktari wa binadamu kukabidhiwa ng'ombe na ngamia, siasa zetu hizo!), 2013 akawa seneta, na Agosti 2017 akamwangusha Gavana Godana Doyo bila tiketi ya chama chochote. Madaktari walikuwa wamemaliza mgomo wa siku 100 Machi hiyo hiyo.

Si wa kwanza, lakini. Dkt Njoroge Mungai alirudi kutoka Stanford, Marekani, akafungua kliniki Thika, Riruta na Embu. Mwaka 1963 akawa Waziri wa Afya, kisha akahamia ulinzi na mambo ya nje. Kuti alirudi kwa wagonjwa.

Desemba 2018 Isiolo, pamoja na Kisumu, Nyeri na Machakos, ilianza majaribio ya Afya kwa Wote. Zahanati zilikuwa bila ada tangu 2013. Sasa hospitali za kaunti nazo zikaacha kutoza. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 268,002 Isiolo, wametawanyika katika kilomita za mraba zipatazo 25,000, wengi wakihama na mifugo. Kufuta ada ni tamko la siku moja. Dawa kufika, muuguzi kukaa, gari kuwa na mafuta, hiyo ni kazi ya kila siku. Daktari anayajua haya kuliko wanasiasa wenzake, na kwa maoni yangu apimwe kwa ukali kuwaliko.

Mwaka 2022 Kuti hakutetea kiti. Kikachukuliwa na Abdi Guyo, na zahanati zote pamoja nacho.