Mahali pa Ubalozi ni Haki ya Mwenyeji Pia

Dola inapompokea balozi wa dola nyingine, humpokea pamoja na nyumba yake, bendera yake na dhamana ya kumlinda. Na maadamu nyumba hiyo haina budi kusimama mahali fulani, kando ya majirani fulani, rai yangu ni kwamba majirani hao wanastahili kuulizwa kabla msingi haujachimbwa, na wanastahili fidia iwapo adui za mgeni watawadhuru wao. Nayasema haya kutoka Kakamega, mbali na balozi zote, kwa kuwa vijana wetu hawakomi kwenda Nairobi kutafuta elimu na riziki, na hatari iwekwayo katikati ya mji mkuu imewekwa karibu na jamaa zetu.

Wajumbe wa Marekani walipoanza kukaa Afrika ya Mashariki, walikaa miongoni mwa watu bila ya hofu. Baada ya mkataba wa 1833 baina ya nchi yao na Sayyid Said bin Sultan, Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem, alifika Unguja mwaka 1837 akiwa konsuli wa kwanza, na shughuli zilizomzunguka zilikuwa za pembe, sandarusi na nguo. Katika zama hizo, kukaa karibu na bandari na soko kulikuwa na faida kwa mgeni na kwa mwenyeji pia.

Desturi hiyo ya kukaa katikati ya watu ndiyo iliyofuatwa Nairobi baada ya uhuru, hata ubalozi wa Marekani ukasimama penye makutano ya Barabara ya Moi na Barabara ya Haile Selassie, jirani na stesheni ya reli, ambapo halaiki ya watu hupita tangu alfajiri. Lakini zama zilikuwa zimebadilika. Baada ya mashambulizi dhidi ya Wamarekani mjini Beirut, kamati iliyoongozwa na Admeri Bobby Inman ilishauri mwaka 1985 kwamba balozi zitengwe na barabara kwa nafasi ya futi 100. Jengo la Nairobi halikuwa na nafasi hiyo. Balozi Prudence Bushnell aliiandikia wizara yake Washington kwamba mahali pale hapafai, akaomba jengo jipya, asikubaliwe.

Ndipo ilipofika Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, mwendo wa saa nne na nusu asubuhi, lori lenye baruti lilipoingizwa nyuma ya ubalozi. Walinzi walikataa kufungua lango. Kishindo cha kwanza kikawavuta watu wa ofisi za jirani hadi madirishani, na mlipuko mkubwa uliofuata ukawapiga kwa vioo, wengi wakapoteza macho yao. Jengo la Ufundi, lililokuwa kando ya ubalozi, liliporomoka lote. Waliofariki Nairobi walikuwa watu 213, na miongoni mwao Wamarekani walikuwa 12. Waliojeruhiwa walikuwa maelfu. Asubuhi hiyo hiyo, kwa shambulio kama hilo juu ya ubalozi wa Marekani, Dar es Salaam ilipoteza watu 11. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ile mwenyeji aliuawa kwa ugomvi asioujua, na wengi wa waliokufa hawakuwa na haja yoyote katika nyumba ya mgeni.

Mgeni alijifunza. Mwaka 2003 ubalozi mpya ulifunguliwa Gigiri, mkabala na ofisi za Umoja wa Mataifa, katika uwanja mpana wenye kuta imara. Na pale pa zamani pakawa bustani ya kumbukumbu yenye majina ya marehemu. Uhamisho huo ulikuwa wa haki, wala simlaumu ajilindaye. Ninalolilaumu ni kwamba haki imesafiri na bendera ikawaacha majirani nyuma. Sudan, iliyotuhumiwa kuwasaidia washambuliaji, ilipokubali mwaka 2020 kulipa fidia ya dola milioni 335, fedha zile hazikuwafikia Wakenya waliojeruhiwa wakipita njia tu au wakiwa kazini katika majengo ya kando.

Watakuwapo watakaosema kwamba kumhoji mgeni juu ya kiwanja chake ni kumvunjia heshima, na kwamba Mkataba wa Vienna wa 1961 unamtaka mwenyeji amsaidie balozi kupata makao na ayalinde. Ni kweli, lakini hakuna neno katika mkataba huo linalomzuia mwenyeji kuchagua kiwanja kilicho salama kwa raia wake, wala linalomwondolea wajibu wake kwao. Katiba yetu ya 2010 imeutaja ushirikishaji wa watu kuwa miongoni mwa tunu za taifa, na kwa ajili hiyo mkazi wa Kakamega huitwa kutoa maoni yake juu ya bajeti ya kaunti. Kama anaulizwa habari ya fedha za barabara, kwa insafu gani asiulizwe mkazi wa Nairobi habari ya jirani ambaye adui zake wanaweza kumwua?

Basi Bunge na litunge sheria yenye mambo mawili: kwamba ubalozi usipewe idhini ya kujengwa wala kupanuliwa mahali penye msongamano wa watu pasipo majirani kusikilizwa hadharani, na kwamba iwepo hazina ya kudumu ya kuwafidia raia wanaodhurika kwa mashambulizi ya namna hii, ikianza na majeruhi wa 1998. Wengi wao wamekwisha kuzeeka wakingoja, na wengine wamekufa wakingoja. Serikali iliyokubali kumlinda mgeni kwa mkataba inadaiwa na raia wake ulinzi usiopungua huo, na deni hilo yafaa lilipwe wangali hai wa kulipokea.