Baa wanajua hisa za baba, nyumbani hawajui

Ukitaka kujua hisa za CRDB zimefunga kwa bei gani Ijumaa, si lazima uende mjini kwa madalali. Nenda grosari yoyote ya Mwananyamala, Tandika au Mbagala Jumamosi saa tano asubuhi, wakati supu ya kongoro inaelekea kuisha na jiko la nyama linaanza kuwashwa. Tafuta meza yenye watu wazima wanne au watano, simu zimelazwa mezani, mmoja ana miwani ya kusomea. Wasipobishana Simba na Yanga, wanabishana gawio.

Mwaka huu nimekaa na watu wa meza tatu za aina hiyo, mbili Kinondoni na moja Temeke. Nilikuwa nafuatilia habari ya shinikizo la damu kwa wanaume wanaokula baa mwisho wa wiki. Nilikwenda kuhesabu chumvi, nikakuta wenzangu wanahesabu hisa.

Si matajiri. Yupo dereva mstaafu, fundi wa mafriji, mwalimu wa shule ya msingi, na mama mmoja anayeuza vitenge ambaye hesabu zake zinawashinda wote. Mwenye hisa nyingi hapo ana elfu tatu, mwenye chache ana mia mbili. Wakongwe walianza na NMB mwaka 2008, zilipouzwa kwa Sh600 moja, au CRDB mwaka 2009 kwa Sh150. Walioingia na Vodacom mwaka 2017 kwa Sh850 ndio wanaotaniwa zaidi, maana bei ilikuja kushuka chini ya hapo wakabaki wanaitazama.

Kinachonifurahisha ni jinsi hisa zilivyo karibu na maisha yao. Watu wa Tegeta wanapita kila siku chini ya kilima cha Wazo, inakotoka saruji ya Twiga, kampuni iliyoingia sokoni mwaka 2006. Wa Temeke wana kiwanda cha sigara cha TCC pale Chang'ombe. "Lile geti unaloliona, bawaba moja ni ya kwangu," aliniambia fundi, na hakuwa anacheka. Kuhusu TBL, iliyoorodheshwa Septemba 1998, miezi michache tu baada ya Soko la Hisa la Dar es Salaam kuanza biashara, utani ni ule ule kila meza: nakunywa ili nijilipe gawio.

Sitaki msomaji adhani nakuja kuwasema vibaya. Meza hizi zina kazi. Nilikuwepo siku kijana mmoja alipokuja na habari za mradi wa mtandaoni unaorudisha fedha mara mbili ndani ya mwezi, akiwa tayari na milioni mbili mkononi. Dereva mstaafu alimuuliza: "Kampuni hiyo ipo sokoni? Hesabu zake zinachapishwa wapi?" Kijana akanyamaza, akaagiza chipsi. Watu waliopoteza akiba zao kwenye DECI mwaka 2009 hawakukosa akili. Wengi walikosa mtu wa kuwauliza swali kama hilo kabla hawajatoa fedha.

Sasa upande wa afya, na nitakuwa mfupi kwa sababu najua mnaniruka hapa.

Chupa moja ya bia ya nusu lita yenye kilevi asilimia 5 ina takriban gramu 20 za pombe halisi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linahesabu gramu 60 au zaidi katika kikao kimoja kuwa unywaji wa kupindukia. Hizo ni chupa tatu. Kwenye meza ninazozisema, chupa ya tatu ndiyo mazungumzo yanaanza kunoga. Weka na nyama iliyopakwa chumvi tangu jikoni, halafu kile kilima cha chumvi pembeni ya sahani, na pilipili na ndimu. WHO inashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai, na hapo imehesabiwa hadi chumvi iliyomo kwenye mkate. Niliwauliza watu wa meza ya Mwananyamala presha zao ni ngapi. Bei ya hisa ya jana walikuwa nayo hadi shilingi ya mwisho. Presha, aliyekuwa na namba ni mama wa vitenge peke yake.

Presha ikifika 140 kwa 90 na kuendelea kubaki hapo inahitaji daktari, na mara nyingi haiumi popote. Isipotibiwa, ndiyo sababu kubwa kuliko zote ya kiharusi. Kiharusi ndicho kilichonifanya niandike kuhusu hisa kwenye ukurasa huu.

Kwa watu wengi, sehemu ya ubongo inayoshughulika na lugha iko upande wa kushoto. Kiharusi kikipiga hapo, mgonjwa anaweza kukutambua, akasikia unachosema, lakini maneno yake hayaji, au yanakuja yasiyo yenyewe. Upande huo huo ndio unaoendesha mkono wa kulia. Kwa hiyo mtu aliyekuwa anaongea vizuri asubuhi, jioni hana kauli wala sahihi.

Mama mmoja wa Mbagala, ambaye nimezungumza naye mara tatu na ameniruhusu nisimulie bila jina, yalimkuta hayo. Mumewe ana miaka 58. Alianguka bafuni Jumapili alfajiri. Wiki mbili za kwanza za hospitali na dawa zilimaliza akiba ya ndani. Akauza cherehani yake, akakopa kikoba, akaanza kulitazama friji.

Wiki ya tatu wakaja marafiki wa mumewe wa meza ya Jumamosi, na machungwa na juisi. Wakati wa kuondoka mmoja alimvuta pembeni mlangoni. "Shemeji, msiuze vitu vya ndani. Kaka ana NMB zake." Yeye akadhani anazungumzia kadi ya benki. Akajibu kadi ipo, ila namba ya siri anaijua mwenyewe.

Zilikuwa hisa 500, alizonunua mwaka 2008 kwa Sh300,000. Kwa hesabu za mwaka 2023 pekee, NMB ilitoa gawio la takriban Sh361 kwa kila hisa. Piga mara 500, ni kama Sh180,000. Toa kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa kampuni zilizo sokoni, inabaki kama Sh171,000. Si fedha ya kununulia kiwanja. Ni dawa za presha, nauli za kwenda mazoezi ya viungo na kilo kadhaa za mchele. Kila mwaka ilikuwa inaingia, na mtaji wenyewe thamani yake ilikuwa imepanda mara kadhaa.

Nilimuuliza kilichomuuma ni nini hasa. Nilitegemea aseme fedha. "Yule binti anayewahudumia pale baa alikuwa anajua," alisema. "Mimi nimezaa naye watoto wanne."

Hapo alikuwa bado hajakutana na sehemu ngumu. Hisa siku hizi si cheti cha kukunja ukaweka chini ya godoro. Zinatunzwa kielektroniki kwenye akaunti ya mwenye hisa, maarufu kama akaunti ya CDS, na anayeweza kuagiza ziuzwe ni mwenye akaunti. Dalali alitaka sahihi ya mwenyewe, na alikuwa na haki ya kuitaka. Bila kinga hiyo, kila shemeji mwenye shida angekuwa anauza hisa za mwenzake. Mpaka mgonjwa alipoweza kuelewa vizuri anachoulizwa na kuweka dole gumba mbele ya wakili, wiki saba zilikuwa zimepita, na cherehani ilikuwa inashonea nyumba nyingine. Na hata ukishaagiza kuuza, hisa si M-Pesa. Lazima apatikane wa kununua kwa bei mnayokubaliana, na zipo kampuni sokoni ambazo siku zinapita bila hisa hata moja kubadilisha mikono.

Niliipeleka habari hii kwenye meza ya Mwananyamala bila kutaja mtu. Palikuwa kimya kidogo, halafu dereva mstaafu akajibu kwa niaba ya wenzake. "Mwanangu, nikimwambia mama watoto nina hisa, kesho ada ikichelewa ataniuliza kwa nini nisiuze. Nikiuza mara moja, nimemaliza."

Hoja hiyo siidharau. Ada inadaiwa Januari, gawio la mabenki huja katikati ya mwaka, na anayeuza kila shida inapobisha hodi hafiki mbali. Kuna na ndugu, ambao wakisikia neno hisa wanasikia milioni. Lakini nilimkumbusha kwamba kujua si kuuza. Mke akijua namba ya akaunti ya CDS hawezi kuuza hata hisa moja; tumeshaona dalali anataka nini. Anachopata ni kujua kwamba kitu kipo. Mama wa vitenge akaongeza lake: "Ninyi mnasema wanawake tuna siri za vikoba. Kikoba kina daftari. Nikifa leo, mweka hazina anajua nina shilingi ngapi na ninadaiwa nini. Ninyi daftari lenu ni muhudumu."

Walicheka sana. Kisha mwalimu akaomba karatasi.

Aliyoandika hayakujaza hata nusu ukurasa: jina la kila kampuni na idadi ya hisa, namba ya akaunti ya CDS, jina la dalali na mahali ofisi yake ilipo, na gawio linaingia wapi, benki gani au namba gani ya simu. Namba ya siri haikai hapo. Nilimwambia karatasi ya namna hiyo ikae pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kwa sababu hicho ndicho kitu ambacho familia zetu hazipotezi. Kama laini ya simu imebadilika au akaunti ya benki ilifungwa tangu 2012, nenda kahuishe taarifa, maana gawio lisilo na pa kuingia linabaki linakusubiri huko lilikotoka.

Anayetaka kwenda mbele zaidi anaweza kumuuliza dalali kuhusu akaunti ya pamoja ya majina mawili, au kununua kwa jina la mtoto, mzazi akiwa msimamizi mpaka mtoto afikie umri. Na ipo hati ya uwakilishi wa kisheria, inayompa mtu unayemwamini mamlaka ya kushughulikia mali yako. Hiyo huandaliwa ukiwa na akili timamu na kauli yako. Wakili hawezi kukuandalia ukiwa wodini hujui leo ni siku gani.

Mtu akifariki, njia ni ya mahakama. Familia inateua msimamizi wa mirathi, mahakama inamthibitisha, naye anakwenda na barua yake ili hisa zihamishiwe kwa warithi. Wakazi wa Dar es Salaam wana Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki cha Temeke kinachoshughulikia mirathi na ndoa, na wosia unaweza kuandikwa na kuhifadhiwa RITA. Ila msimamizi anaorodhesha mali anazozijua. Nyumba inaonekana, pikipiki inaonekana. Hisa 500 za NMB hazionekani dirishani.

Na kabla ya mahakama kuna yale masaa ya kwanza. Ukiona uso wa mtu umepinda upande mmoja, mkono mmoja hauinuki, au maneno yameanza kuvurugika ghafla, hata kama ametoka baa na unadhani ni pombe, mkimbize hospitali wakati huo huo na ukumbuke saa yalipoanza. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, kwa wanaostahili kupewa, hutolewa ndani ya saa nne na nusu, tena baada ya kipimo cha CT scan. Masaa mengi yanaishia kwenye kuchua mafuta na kumtafuta mtu wa kuondoa upepo mbaya.

Mume wa yule mama wa Mbagala sasa anatembea na fimbo. Maneno yanarudi moja moja. Mwishowe waliuza hisa 200 kulipa kikoba, 300 wakaziacha, na mke ndiye anayefuatilia bei kwenye simu na kumsomea.

Tulipoagana, dereva mstaafu alinisindikiza hadi kituoni. Karatasi alikuwa ameikunja kwenye mfuko wa shati. Akaniuliza, kwa sauti ya chini kidogo kuliko aliyotumia mezani, ampe nani, mama watoto au kijana mkubwa aliyeko Dodoma. Nikamwambia mama watoto aishike, kijana aambiwe ilipo. Akasema atafanya hivyo leo leo. Nikamuuliza na presha je. Akasema hiyo Jumatatu.