Goti la Akhwari

Mara nyingi mfanyakazi anapolalamika juu ya taabu zake, hakosi kutokea mtu wa kumtajia jina la Ndugu John Stephen Akhwari. Akhwari aliteguka goti asiache mbio, huambiwa, na wewe walia kwa jambo dogo! Maneno hayo husikika viwandani, maofisini, na hata katika mikutano ya wanachama. Kwa kuwa habari za Akhwari ni mali ya nchi nzima, yafaa tuzitazame sawasawa, maana nusu yake husahauliwa, na nusu hiyo ndiyo yenye mafunzo makubwa zaidi.

Mambo yalikuwa hivi. Tarehe 20 Oktoba, 1968, katika Michezo ya Olimpiki iliyofanyika Mexico City, watu 75 walianza mbio za marathoni. Mji ule uko juu sana, kiasi cha meta 2,240 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi. Akhwari, mtu wa Mbulu aliyezaliwa mwaka 1938, hakuwa amejizoeza mahali pa juu kiasi kile, na misuli ikaanza kumkaza. Walipofika karibu na kilometa ya 19, wakimbiaji wakigombea nafasi, alianguka. Goti likateguka, bega likapiga chini kwa nguvu. Alifungwa bendeji, akainuka, akaendelea, mara akikimbia, mara akichechemea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari alipoingia uwanjani giza lilikuwa limekwisha kuingia, na watazamaji wengi walikuwa wamekwenda zao. Alitumia saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Katika watu 57 waliomaliza, yeye alikuwa wa mwisho. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, jibu lake kwa maana lilikuwa kwamba nchi yake haikumpeleka mbali kote kule akaanze mbio tu, bali akazimalize.

Wasimuliaji wengi huishia hapo. Sisi tutaendelea kidogo.

Mwezi wa Julai, 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Edinburgh, Akhwari alikimbia marathoni tena. Alikuwa wa tano, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Msomaji na apige hesabu mwenyewe: mtu yule yule, goti lile lile, na muda umepungua kwa zaidi ya saa nzima. Hata mshindi wa Mexico hakukimbia kwa kasi hiyo, ingawa ni haki kusema kwamba Edinburgh haina mwinuko wa Mexico. Jambo hilo halikupatikana kwa ushupavu wa usiku mmoja. Kati ya Mexico na Edinburgh ilipita miezi 21, na katika miezi hiyo goti lilipaswa kupona na miguu kuzoezwa upya. Twajua picha ya uwanja wa Mexico. Kazi ya miezi 21 haina picha, wala hakuna aliyeipigia makofi, nasi twaona kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa nzito zaidi.

Tena katika mbio zile zile za Mexico alikuwako Abebe Bikila wa Ethiopia, aliyeshinda Roma mwaka 1960 bila viatu, akashinda tena Tokyo mwaka 1964. Bikila aliacha mbio kabla ya nusu ya njia kwa sababu ya maumivu ya mguu. Je, yuko atakayemwita Bikila mwoga? Mwaka 1969 alipata ajali ya motokaa, akapooza kuanzia kiunoni kwenda chini. Mwaka 1970, akiwa katika kiti cha magurudumu, alikwenda Uingereza kushindana katika kulenga mishale, kwenye michezo ya watu wenye ulemavu. Alifariki mwaka 1973. Mtu huyo aliacha mbio moja, lakini maisha hakuyaacha. Kwa hiyo wanaofikiri kwamba uvumilivu ni kukaza meno na kusonga mbele siku zote, kila mahali, bila kuuliza, hawajaufahamu.

Sasa turudi kazini. Taabu ziko za namna mbili. Iko taabu isiyokuwa na mkosaji: maradhi, msiba, mvua kukosekana, mguu kukosea njia. Hiyo mtu huikabili kwa moyo wake, na kwa msaada wa jirani zake. Lakini iko taabu nyingine inayotengenezwa na watu, nayo hudumu kwa sababu aliyeumizwa ameambiwa avumilie. Mashine isiyo na kinga inapomkata mtu kidole, haifai kumsimulia habari za Akhwari. Na ikumbukwe kwamba Akhwari alifungwa bendeji kwanza, na kuendelea lilikuwa shauri lake mwenyewe. Hakuwa na msimamizi nyuma yake wa kumtishia kumkata mshahara.

Nchi yetu imekwisha tunga sheria juu ya jambo hili. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ilipitishwa mwaka 2008, na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi wa Tanzania Bara ukaanza mwaka 2015. Michango yake hulipwa na mwajiri. Si halali kumkata mfanyakazi hata senti moja kwa ajili hiyo. Aliyeumia kazini ana haki ya matibabu na fidia, na akifa, wategemezi wake wana haki. Hata hivyo wako wafanyakazi wanaoficha majeraha yao kwa kuogopa kuitwa wavivu, na wako wakubwa wa kazi wanaoifurahia hofu hiyo, kwa kuwa ajali isiyoandikwa haina gharama. Watu wa namna hiyo wasilitumie jina la mwana wa Mbulu.

Twawaomba viongozi wa vyama vya wafanyakazi na wanachama wote walio makazini waianze kazi hii mwezi huu. Iandikwe orodha ya walioumia tangu Januari katika kila kiwanda, shamba na bandari: nani ametibiwa, nani amelipwa, na nani amerudishwa kazini hali goti lake lingali limevimba.