Mgunga Si Akasia

Mwaka huu, katika zoezi la tafsiri, tulipewa matini ya Kifaransa kuhusu Hifadhi ya Rusizi, hapo kaskazini-magharibi mwa Bujumbura. Matini ilitaja miti inayoitwa acacia. Darasa zima, nami nikiwemo, tuliandika "akasia" tukaenda kwenye sentensi iliyofuata. Hakuna aliyekatwa alama. Makala haya yanadai kwamba sote tulistahili kukatwa, na kwamba kosa letu ni kubwa kuliko linavyoonekana.

Mti ule una jina. Kwa Kiswahili ni mgunga. Kwa Kirundi ni umunyinya, na nchi hii ina vilima zaidi ya kimoja vinavyoitwa Munyinya. Nenda soko la Ruvumera, hapa Buyenzi, umwombe mama anayeuza dawa za miti akupe magome ya akasia. Atakutazama tu. Mtajie mgunga au umunyinya, mazungumzo yataanza. Neno tuliloandika hatukulipata kwake wala kwa wazee wetu. Tulilichukua kwenye karatasi ya Kifaransa, tukaliandika kwa herufi zetu, tukadhani tumetafsiri. Na la kuchekesha ni kwamba hata wenye elimu ya mimea, ambao ndio walioliita hivyo, wamekwisha kuliondoa kwenye mti huo.

Kisa chenyewe kinafaa kujulikana na kila anayesoma lugha, kwa sababu ni kisa cha jina. Jenasi ya Acacia iliandikwa na Philip Miller mwaka 1754. Katika elimu ya mimea kila jina hufungwa kwenye kielelezo kimoja, yaani mmea fulani unaolibeba jina popote uendako. Kielelezo cha Acacia kilikuwa mgunga wa Mto Nile. Lakini kadiri miaka ilivyopita, kila mti uliofanana nao ulitiwa humo, mpaka jenasi ikawa na spishi zaidi ya 1,300. Karibu 1,000 kati ya hizo ni za Australia. Afrika ina chini ya 200.

Baadaye uchunguzi wa maua, wa mbegu na hatimaye wa DNA ulionyesha kwamba huu haukuwa ukoo mmoja. Baadhi ya migunga yetu ilikuwa na udugu wa karibu zaidi na mimea ambayo haikuwahi kuitwa Acacia kuliko na ile miti ya Australia. Ilibidi jenasi igawanywe. Swali likawa: nani atabaki na jina?

Kwa kanuni ya kawaida jibu lilikuwa rahisi. Jina hubaki na kielelezo, na kielelezo kilikuwa cha kwetu. Lakini mwaka 2003 wataalamu wawili wa Australia, Orchard na Maslin, walipendekeza kielelezo kibadilishwe, kiwekwe mti wa Australia, ili spishi zile nyingi zisibadilishwe majina. Kamati ikakubali. Suala likafika kwenye kongamano la kimataifa la elimu ya mimea huko Vienna, mwaka 2005. Asilimia 54.9 ya kura zilipinga. Hata hivyo pendekezo lilipita, kwa kuwa kanuni ilitaka asilimia 60 ili kuvunja uamuzi wa kamati. Mwaka 2011, kongamano la Melbourne likathibitisha. Migunga ya Afrika ikagawanywa katika jenasi mbili kuu: Vachellia, jina linalotokana na George Vachell, mchungaji Mwingereza aliyekusanya mimea China, na Senegalia, jina linalotukumbusha Senegali. Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mgeni alikuja, akaondoka na jina la mwenyeji.

Hapo ndipo wenzetu wengi husimama na kulia: wametuibia! Sikatai kwamba kulikuwa na dhuluma. Wengi walisema hapana, na hapana yao haikutosha. Lakini tujiulize kilio hiki kinatetea nini. Acacia ni neno la Kiyunani lililopitia Kilatini. Bibi zetu hawakulitumia hata siku moja. Kumwona Mswahili wa Buyenzi akililia neno Acacia ni kumwona mtu anayelilia shati aliloazimwa, huku shati lake limetundikwa ukutani, limejaa vumbi.

Nasema zaidi: badiliko lile, pamoja na ubaya wa njia yake, limetufaa. Tazameni kilichopandwa katika nyanda za juu za nchi yetu na za majirani. Kuna mti wa Australia, Acacia mearnsii, ulioletwa kwa ajili ya kuni, mkaa na magome ya kutengenezea ngozi. Huko Njombe, Tanzania, mashamba yake makubwa yalianza mwaka 1949. Mti huo uko pia katika orodha ya IUCN ya viumbe vamizi 100 vibaya zaidi duniani, maana ukishaachiwa huenea na kuifukuza mimea ya wenyeji. Zamani ripoti ikisema "acacia zimepandwa kilimani", msomaji hakuweza kujua kama kilima kimerudishiwa mti wake au kimeletewa mvamizi. Leo, kwa anayeandika majina sawasawa, Acacia ni yule mgeni, na Vachellia na Senegalia ni wenyeji. Tofauti hiyo ina maana kwa anayeotesha miche, kwa mfugaji na kwa yule mama wa Ruvumera ambaye dawa yake ni gome la mti mmoja na si la mwingine.

Sasa sikilizeni wakulima wa Njombe. Ule mti wa Australia wanauita muwati, neno walilolitohoa kutoka Kiingereza. Mti wa porini wenye miiba, kwa Kiswahili ni mgunga. Wasemaji wa Kiswahili walikuwa na majina mawili kwa miti miwili miaka mingi kabla Vienna haijapiga kura. Sitii chumvi: hawakuchunguza DNA, na mgunga lenyewe ni neno pana linalobeba spishi nyingi. Lakini mgeni na mwenyeji hawakuwachanganya. Waliowachanganya ni sisi, wanafunzi wa tafsiri, tulioleta "akasia" na kuwafunga wote kamba moja. Wenye maabara wametengua fundo. Sisi tumelifunga upya, tena kwa Kiswahili.

Nitajibiwa: jina ni jina tu, mti hauulizi unaitwaje. Anayesema hivyo aje akae Buyenzi. Mtaa huu ulikuwa wa watu ambao serikali ya Kibelgiji iliwaweka katika fungu la walio nje ya mila, kana kwamba Mswahili hana mila. Mji wenyewe uliitwa Usumbura mpaka uhuru. Hakuna mwalimu hapa anayekubali mwanafunzi aandike leo kwamba anaishi Usumbura. Kwa nini basi tunakubali Acacia sieberiana katika kazi zetu, wakati mti huo sasa ni Vachellia sieberiana? Makala yaliyohamishia majina mapya kwenye migunga ya Afrika yalitoka mwaka 2013, na wa kwanza kati ya waandishi wake ni Bruce Kyalangalilwa, akiwa Chuo Kikuu cha Johannesburg. Kazi imefanyiwa Afrika, na sisi hatujaifungua.

Walimu wetu nao wana hoja yao: majina haya hubadilika kila mara, tutafuata lipi? Hoja hii ni nzito kwetu kuliko kwa wengine. Mimea ya Burundi iliandikwa Brussels, kwa Kifaransa, katika mfululizo ulioanza mwaka 1948 na kuitwa Flore du Congo belge et du Ruanda-Urundi. Juzuu ya mwaka 1952 inaweka mgunga katika familia yake yenyewe, Mimosaceae. Mimea ya Tanzania, Kenya na Uganda iliandikwa London katika mfululizo mwingine, na juzuu ya mwaka 1959 inaweka mgunga uleule katika familia ya kunde na maharage, kama tawi tu la familia hiyo. Mpaka wa wakoloni ulipita katikati ya mti. Kisha mwaka 2017 familia yote ikapangwa upya kuwa na matawi 6, na lile tawi la mgunga likaingizwa ndani ya lingine, Caesalpinioideae. Mwanafunzi anayesoma kitabu cha Dar es Salaam asubuhi na cha Brussels jioni ana haki ya kuchanganyikiwa.

Lakini dawa ya kuchanganyikiwa si kushika jina la zamani na kufumba macho. Dawa ni kuandika majina yote kwa mpangilio. Mgunga, kwa Kirundi umunyinya, Vachellia sieberiana, zamani Acacia sieberiana. Ni mstari mmoja tu. Anayetafuta ripoti ya mwaka 1970 ataipata, na anayetafuta ya mwaka huu ataipata. Jina la sayansi likibadilika tena, tutabadilisha mwisho wa mstari, na mwanzo wake utabaki palepale.

Na wanaosema kwamba mambo haya huamuliwa Ulaya, hatuna letu, nawakumbusha Madrid, Julai 2024. Miti mingi ya kusini mwa Afrika ilibeba jina caffra, mmojawapo ukiwa mgunga, Senegalia caffra. Sisi wa Buyenzi tunalijua shina la neno hilo, kwa maana ni kafiri, neno la Kiarabu la asiyeamini, ambalo Afrika Kusini liligeuzwa kuwa tusi la kumtukania mtu mweusi. Wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Nelson Mandela, Gideon Smith na Estrela Figueiredo, waliandika pendekezo kwa kufuata kanuni zilezile, wakajenga hoja, wakatafuta kura. Walipata 351 dhidi ya 205, juu ya asilimia 60 iliyotakiwa. Herufi moja ikang'olewa: caffra ikawa affra, yaani ya Afrika. Tusi lililokaa vitabuni tangu karne ya 18 liliondolewa na watu waliokwenda wamejiandaa.

Basi nataka nini? Kwanza, katika kazi zetu zote za tafsiri, neno "akasia" lisitumike kwa miti ya kwetu. Mti wa mwenyeji ni mgunga. Ule wa Australia wenye magome ya ngozi ni muwati. Pili, kila anayetaja mmea katika tasnifu aandike ule mstari mmoja niliouonyesha, na asiyeuandika akatwe alama.

La tatu ni gumu zaidi. Mgunga ni neno pana, na sisi ndio wa kulichambua. Kwa kawaida Vachellia ina miiba mirefu iliyonyooka, miwili miwili, na maua ya mviringo kama vifungo. Senegalia ina miiba mifupi iliyopinda kama kucha za paka, na maua marefu kama mkia. Siamini kwamba wazee wetu hawakuiona tofauti hii. Buyenzi ina watu wenye asili ya Ujiji, Uvira na Rumonge. Twende tukawaulize, na tusirudi na jina peke yake. Tuchukue na tawi la mti wenyewe, likaushwe, lihifadhiwe chuoni, liandikwe nani alilitaja na wapi. Majina ya Kilatini yamedumu kwa sababu kila moja lina kielelezo kabatini. Majina yetu hayana, ndiyo maana yeyote anaweza kuyafuta kwa neno "akasia" na asiulizwe.

Nimeanza na kosa langu mwenyewe. Karatasi ile ninayo bado. Nimelifuta "akasia" kwa kalamu nyekundu, nimeandika "mgunga" juu yake, na jina la spishi nimeliachia nafasi tupu mpaka nitakapokwenda Rusizi kuitazama miiba.